Kutoa batri ya gari: kalkilatere inasahau nini, na namna ya kuifundisha upya

Moteri ikianza kutetemeka, au taa ya moteri ikiwaka kwenye dashibodi, dawa ya kwanza katika gareji nyingi za Lubumbashi ni ileile: "Papa, tutoe batri kidogo, halafu tuirudishe." Taa inazimika. Gari inaonekana nyepesi. Mwenye gari anashukuru, anaondoka, na kabla wiki haijaisha taa imerudi. Fundi hakumdanganya, maana kitu kilibadilika kweli. Lakini ugonjwa ulibaki palepale, na kilichofutika ni maandishi yaliyokuwa yakieleza ugonjwa wenyewe.

Maelezo haya yanahusu magari ya esansi (petroli) yenye enjeksyo, yaani yale ambayo kompyuta ndiyo inayopima esansi ya kupulizia: IST, Vitz, Ractis, Spacio, Noah, X-Trail, Fit na ndugu zao, yale yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na kuingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Hiace ya zamani ya mazutu (dizeli) yenye moteri ya 3L au 5L ina pampu ya kawaida na haina kalkilatere, yaani kompyuta ya moteri, ya kusahau chochote. Ukitoa batri yake utapoteza saa na stesheni za redio, basi.

Madaftari mawili ndani ya kisanduku kimoja

Kalkilatere ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza iliandikwa kiwandani: esansi kiasi gani kwa hewa kiasi gani, buji, zile zinazotoa cheche, ziwashe wakati gani, moteri isipite mizunguko mingapi. Daftari hili halitegemei batri. Gari inaweza kukaa miaka miwili juu ya matofali bila batri na maandishi hayo yasipotee. Kwa kawaida kilomita za gari na funguo zenye chipu ziko upande huohuo, ndiyo maana kutoa batri hakupunguzi kilomita na hakufuti ufunguo.

Daftari la pili ni la kila siku. Linaishi kwa umeme mdogo unaotoka kwenye batri hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Humo kalkilatere inaandika yale iliyojifunza kuhusu gari yako, na si gari nyingine: iongeze au ipunguze esansi kiasi gani, ifungue kipepeo cha hewa (kile kibati kwenye njia ya hewa) kiasi gani ili ralanti, yaani mzunguko wa moteri bila kukanyaga mafuta, itulie, icheleweshe cheche kiasi gani baada ya kusikia moteri ikigonga, na giya otomatiki zishikwe kwa nguvu gani. Humo pia ndimo zinamokaa namba za makosa, pamoja na picha ya hali ilivyokuwa kosa lilipotokea: mizunguko, joto la maji, mwendo. Ukitoa batri, daftari hili ndilo linalofutwa. Kwenye baadhi ya magari mapya hata namba za makosa huandikwa mahali pasipofutika, na huko ni skana tu, kifaa cha kusoma na kufuta makosa, inayofaa.

Marekebisho ya esansi ndiyo yanayostahili kueleweka vizuri, kwa sababu mambo mengi yanaanzia hapo. Esansi inaungua vizuri ikipata kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya esansi. Debimetre, kile kipimo cha hewa kilicho karibu na filta, inaiambia kalkilatere hewa kiasi gani imeingia. Sondi ya lambda kwenye ekzosi inaangalia kilichobaki baada ya kuungua. Sondi ikikuta oksijeni imezidi, kalkilatere inaongeza esansi. Ikikuta imepungua, inapunguza. Marekebisho yakiendelea upande mmoja kwa siku nyingi, yanaandikwa kwenye daftari kama asilimia.

Sasa tuingize vumbi la msimu wa kiangazi, lile jekundu la barabara zisizo na lami. Filta ya bei nafuu isiyokaa sawasawa kwenye kasha lake inapitisha vumbi, na lile vumbi linaganda kwenye uzi wa debimetre, uzi mwembamba kama unywele. Uzi uliofunikwa unapima vibaya: hewa inayopita ni gramu 100, wenyewe unasema 87. Kalkilatere inatoa esansi ya gramu 87, moteri inabaki na njaa, sondi inalalamika, marekebisho yanapanda hadi +15%. Gari inakwenda vizuri. Wewe hujui kwamba kuna kitu kinafichwa.

Ukitoa batri katika hali hiyo, ile +15% inarudi sifuri. Debimetre bado ni chafu. Moteri inakosa esansi, inakohoa ukikanyaga, inachoka ukiipakia abiria watano. Baada ya siku kadhaa inajifunza tena +15%, na uchafu ukizidi hadi marekebisho kupita karibu 20 au 25%, namba P0171 inaandikwa, maana yake mchanganyiko una esansi kidogo mno, na taa inarudi.

Geuza sasa. Debimetre imesafishwa, inapima gramu 100 kamili, lakini daftari bado lina ile +15%. Esansi inazidi, ekzosi inanuka, ralanti inakuwa nzito, labda na moshi mweusi kidogo. Kalkilatere ingejirekebisha yenyewe kwa safari chache, lakini hapa kutoa batri kuna maana kamili: unafuta hesabu iliyofanywa kwa kipimo kibovu. Batri inatolewa baada ya matengenezo. Ukiitoa kabla, umejinyima ushahidi.

Zile nguvu zinazoonekana siku ya kwanza

Wenye magari wengi wanaapa kwamba gari imepata nguvu baada ya batri kutolewa, na mara nyingine wanasema kweli. Moteri ikinyweshwa esansi mbaya inagonga; sensa ya kugonga inasikia, kalkilatere inachelewesha cheche ili kuilinda, na nguvu inapungua. Ukifuta daftari, cheche inarudi kwenye mpangilio wa kiwandani na gari inaruka. Kama ndani ya tanki bado kuna esansi ileile, sensa itasikia tena na nguvu zitaondoka tena. Kama umeshatia esansi safi, umeharakisha jambo ambalo lingekuja lenyewe.

Tena kuna mwinuko. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni karibu kilopaskali 88, wakati pwani ni 101. Moteri isiyo na tabo (turbo) inapoteza karibu sehemu ya nane ya hewa yake, na hakuna batri itakayorudisha hewa hiyo. Kalkilatere haihitaji kufutwa kwa ajili ya mwinuko. Magari mengi yasiyo na debimetre, yanayotumia kipimo cha shinikizo, yanasoma hewa ya mahali kila unapofungua ufunguo kabla ya kupiga stata. Ndiyo maana ni vizuri kufungua ufunguo, kuhesabu hadi tatu, kisha kuwasha.

Kabla ya kugusa kle

Soma namba za makosa kwanza na uziandike kwenye karatasi. Mwambie fundi wazi: "Papa, tusome kwanza, ndipo tutoe." Skana ndogo za blututhi zinazofanya kazi na simu zinatosha kwa magari mengi, lakini gari za soko la Japani, hasa za kabla ya mwaka 2008 hivi, mara nyingi hazizungumzi nazo. Skana ikigoma, hiyo siyo ishara kwamba kalkilatere imekufa. Kwenye Toyota nyingi za namna hiyo kuna njia ya zamani: kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, fungua ufunguo bila kuwasha, na taa ya moteri itapepesa namba yenye tarakimu mbili. Mipepeso miwili, kituo kifupi, mipepeso mitano: hiyo ni 25. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuingiza waya, kwa sababu la 16 lina umeme wa batri moja kwa moja.

Pima batri pia, kwa multimeta, gari ikiwa imelala usiku. Volti 12.6 ni batri iliyojaa, 12.4 iko robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 karibu imekwisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Moteri ikiunguruma, alternatere, ile inayochaji batri, itoe kati ya 13.8 na 14.4. Kalkilatere nyingi "zilizoharibika" zilikuwa zinalishwa umeme mbovu tu.

Halafu redio. Hapa watu wamepoteza pesa. Redio kubwa za Toyota zenye ramani ya Kijapani, ukizikatia umeme, nyingi zinaamka zikidai diski au kadi ya ramani iliyokuja na gari kutoka Japani, kwa maandishi ya Kijapani, na hazifanyi kingine chochote mpaka ipatikane. Angalia kama kadi ile ipo kwenye tundu lake. Kama haipo na unaipenda redio yako, usitoe batri; tumia njia ya fuzi iliyoelezwa mbele.

Shusha kioo kimoja, na ufunguo uwe mfukoni. Milango ya gari nyingine inajifunga umeme unaporudi.

Kuitoa na kuirudisha

Kwa Toyota, Nissan na Honda nyingi, kle (spana) ya 10 inamaliza kazi. Baadhi ya magari ya Ulaya yanataka ya 13.

1. Zima moteri, taa, redio na kiyoyozi. Toa ufunguo, subiri dakika 2 au 3 ili kompyuta zote zilale. Baadhi ya magari huandika hesabu zao za mwisho katika dakika hizo.

2. Legeza kibano cha hasi (−) kwanza, kitoe, kifunike kwa kitambaa kikavu mbali na batri. Sababu ya kuanza na hasi ni hii: bodi yote ya gari imeungwa na hasi. Ukianza na chanya (+), kle ikagusa bodi, unakuwa umeunganisha ncha mbili za batri kwa chuma kitupu. Kle inaweza kuganda kwa moto, na gesi ya batri inaweza kulipuka. Kwa kufuta kalkilatere tu, hasi peke yake inatosha, chanya iache.

3. Kanyaga breki mara kadhaa, au washa swichi ya taa, umeme uliobaki kwenye saketi uishe. Kisha zima swichi hiyo tena.

4. Acha dakika 15. Toyota nyingi zinasahau ndani ya dakika 1, lakini nyingine ni wagumu, na kungoja hakugharimu kitu. Kama utagusa usukani au nyaya za mito ya hewa (airbag), usianze kabla ya sekunde 90 kupita.

5. Tumia muda huo kusafisha ncha. Ule unga mweupe au wa kijani uyeyushe kwa kijiko 1 cha mezani cha bikabonati katika nusu lita ya maji ya vuguvugu. Usiache maji hayo yaingie kwenye vifuniko vya batri. Sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kausha.

6. Kama ulitoa zote mbili, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Cheche ndogo wakati hasi inagusa ni kawaida. Kaza mpaka kibano kisizunguke kwa mkono, usiongeze, risasi ni laini. Paka grisi juu, baada ya kukaza.

Vibano vinastahili neno zaidi. Batri ndogo za Kijapani, zile za namba kama 46B24L, zina ncha nyembamba, chanya ikiwa na upana wa karibu milimita 14.7, batri za vipimo vya Ulaya zina 19.5. Watu wanaweka batri moja kwenye vibano vya nyingine na kuziba pengo kwa kipande cha bati au msumari. Gari inawaka, kila mtu anafurahi. Kisha inaingia kwenye mashimo ya barabarani, kibano kinacheza, na umeme unakatika kwa nusu sekunde. Ishara yake iko mbele ya macho yako: saa ya dashibodi. Ukikuta kila asubuhi saa imeanza upya, jua kwamba kalkilatere nayo inasahau kila siku, na ralanti yako haitatulia kamwe mpaka upate vibano vya saizi yake. Vile vile soma herufi ya mwisho ya namba, L au R, kabla ya kununua batri. Ikiwa siyo ile ya zamani, ncha zimegeuzwa upande, na hapo ndipo watu wanaunganisha chanya kwenye hasi. Kosa hilo la sekunde moja linakata fuzi kubwa ya ampea 100 au zaidi kwenye boksi la fuzi, ukiwa na bahati. Bila bahati linaua diodi za alternatere na kalkilatere yenyewe.

Usitoe batri moteri ikiunguruma

Bado kuna mafundi wanaopima alternatere kwa kutoa kibano gari ikiwa imewaka: "Ikizimika, alternatere imekufa." Njia hiyo ilikuwa inavumilika enzi za kaburateta. Kwenye gari ya enjeksyo ni hatari, na mwenye gari ana haki ya kukataa.

Sababu ni hii. Batri ndiyo inayomeza mshtuko wa umeme wa alternatere. Alternatere ikiwa inasukuma ampea 30 au 40 na mahali pa kuzipeleka pakaondolewa ghafla, kidhibiti chake hakiwahi kupunguza. Volti zinaruka kutoka 14 hadi makumi kadhaa, na katika hali mbaya zinapita 60, kwa sehemu ya sekunde. Kalkilatere, redio, kompyuta ya breki, taa za LED, vyote viko kwenye waya huohuo. Kinachoumiza zaidi ni kwamba vitu mara nyingi havifi palepale. Vinadhoofika, na vinakufa wiki mbili baadaye, wakati hakuna anayekumbuka siku batri ilipotolewa. Kipimo cha multimeta, volti 13.8 hadi 14.4 kwenye ncha za batri, kinakupa jibu lilelile bila kuhatarisha chochote.

Ni hivyo hivyo kwa desturi ya kuazima batri ya jirani, kuwasha, kisha kuitoa na kuweka ile iliyokufa huku moteri inaunguruma. Tumia kabo za kuunganishia, acha moteri iende dakika 10 ili batri mbovu ipate kiasi, na ukiwa unatoa kabo washa taa kubwa na feni ya ndani ili mshtuko upate pa kwenda.

Kuifundisha upya

Umeme umerudi. Usikurupuke barabarani. Fungua ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usiwashe, subiri sekunde 10. Kwenye magari yenye kipepeo cha umeme utasikia sauti ndogo ya motori ya kipepeo ikitafuta mahali pake. Zima, subiri sekunde 10, rudia mara moja. Kisha washa bila kukanyaga mafuta.

Moteri baridi itakwenda kwenye mizunguko 1,200 hadi 1,500, halafu itashuka polepole. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya hapa inaichelewesha. Acha ifike joto lake mpaka feni ya rejeta (radieta) iwake na kuzima mara moja, kama dakika 10 hadi 15. Kiyoyozi, taa na redio viwe vimezimwa. Baada ya hapo, dakika 5 na kiyoyozi kimewashwa. Kama ni otomatiki, dakika 2 kwenye D huku mguu uko kwenye breki na breki ya mkono imevutwa. Kila mzigo una ralanti yake na kila moja inaandikwa peke yake. Ralanti ya moto kwenye moteri ndogo za Toyota ikae karibu na 650 hadi 800.

Honda inapenda njia yake: vifaa vyote vimezimwa, washa, shikilia mizunguko 3,000 mpaka feni iwake, kisha achia ralanti dakika 5 bila kugusa chochote, dakika ambazo feni inazunguka hazihesabiwi.

Nissan nyingi za miaka ya 2000 hazitulii kwa kungoja tu. Zina ibada ya pedali, na inataka saa yenye sekunde. Moteri iwe ya moto, maji kati ya 70 na 100 °C, batri zaidi ya volti 12.9, giya kwenye P au N, usukani umenyooka, vifaa vyote vimezimwa. Zima, subiri sekunde 10. Fungua ufunguo bila kuwasha, mguu mbali na pedali, hesabu sekunde 3. Kisha kanyaga hadi chini na uachie kabisa, mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga hadi chini na ushikilie, karibu sekunde 20, mpaka taa ya moteri iache kupepesa na kuwaka moja kwa moja. Achia ndani ya sekunde 3, washa mara hiyohiyo, acha ralanti sekunde 20. Ukikosea sekunde, zima na uanze tena, hakuna kinachoharibika. Ikikataa mara tano, tafuta hewa inayoingia kinyume, kwa kawaida kwenye bomba la mpira lililopasuka nyuma ya debimetre.

Sasa barabarani. Kwenda Kipushi, kama kilomita 30, ni somo zuri, kwa sababu lina kusimama mjini na kunyoosha baada ya nyumba kwisha. Endesha kilomita 40, 60, 80 kwa saa, kila mwendo uushikilie dakika kadhaa, usikanyage hadi chini. Mara tatu au nne, ukiwa na 80 na nyuma yako hakuna mtu, achia mafuta kabisa mpaka ushuke kwenye 30. Hapo esansi inakatwa na kalkilatere inasoma sondi kwenye hewa tupu. Giya otomatiki zinaweza kupiga teke kidogo kwa kilomita 50 hadi 100 za kwanza. Matumizi ya esansi usiyapime kabla ya tanki la pili.

Yanayotokea baadaye

Gari inazimika kila inaposimama kwenye taa za barabarani, na kabla ya batri haikuwa hivyo. Hili ni lalamiko la kawaida kuliko yote, na watu wanailaumu batri mpya. Kipepeo cha hewa kimevaa masizi meusi kwa miaka. Kalkilatere ilikuwa imejifunza kukifungua zaidi kidogo ili hewa ipite pembeni mwa uchafu. Umefuta, imerudi kwenye kipimo cha kipepeo safi, na hewa haitoshi. Zima, fungua bomba la hewa, futa ukingo wa kipepeo na ukuta wake kwa kitambaa kilicholowa dawa ya kaburateta. Usipulizie moja kwa moja kwenye ekseli yake, na usikisukume kwa kidole ufunguo ukiwa wazi. Debimetre ina dawa yake peke yake, ya kupulizia tu. Uzi wake usiguswe hata na pamba, na uache ukauke dakika 10.

Ralanti inabaki 1,500 baada ya kusafisha: daftari la kipepeo kichafu bado lipo, au bomba halikurudishwa vizuri.

Taa ya VSC au ESP (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) ikiwaka: zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kisha nenda moja kwa moja mita mia chache. Kioo cha dereva kisichopanda chenyewe: kishushe nusu, kipandishe, na ushikilie swichi sekunde 2 baada ya kufunga. Stata inayotoa "tk-tk-tk" na hakuna kinachozunguka ni kibano kilicholegea mpaka ithibitike vingine.

Kama nia yako ni kufuta makosa na kuifundisha moteri tu, kwenye Toyota nyingi kuna njia isiyogusa saa wala redio. Ufunguo umezimwa, toa fuzi iliyoandikwa EFI kwenye boksi la fuzi chini ya boneti, na ETCS (ya kipepeo cha umeme) kama ipo, zaidi ya sekunde 60, kisha zirudishe. Picha ya boksi iko ndani ya kifuniko chake. Ipige kwa simu kabla ya kuvuta kitu, na fuzi irudi ya ampea zilezile.

Na kama ulitoa batri kwa sababu inakufa usiku, kufuta kalkilatere hakutakusaidia. Tafuta anayekunywa umeme. Multimeta kwenye ampea 10, waya mmoja kwenye ncha ya hasi, mwingine kwenye kibano chake, milango imefungwa, ufunguo mbali. Subiri nusu saa. Unachosoma kisizidi ampea 0.05. Batri ya ampea-saa 45 inavumilia kiasi hicho zaidi ya mwezi. Ikiwa unasoma 0.5, itakuwa tupu kabla ya siku nne. Toa fuzi moja moja mpaka namba ianguke, na fuzi iliyoiangusha ndiyo inayokuonyesha pa kwenda. Usipige stata wakati multimeta iko hapo katikati, maana stata inavuta ampea mia na zaidi.